Nusu ya Chumba cha Wageni

Milojko alikuja kuichukua ikoni, picha takatifu ya nyumba, siku ileile ya misa ya nusu mwaka ya marehemu kaka yake, watu wakiwa ndiyo kwanza wametoka makaburini na viatu vyao bado vina udongo. Alipanda juu ya kiti, akamshusha Mtakatifu Alimpije kutoka ukutani, akampuliza vumbi, kisha akamfunga kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ukutani kukabaki msumari na alama ya mraba, nyeupe kuliko ukuta wote.

Dobrila alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa. Siku hiyo alijua itafika. Mtakatifu wa nyumba hufuata damu ya wanaume, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na mumewe Radisav alikufa mwezi wa Machi akiacha binti mmoja tu, Jagoda, aliyeolewa ng'ambo, huko Graz. Basi mtakatifu aende kwa Milojko, mdogo wa marehemu, na slava, karamu ya kila mwaka ya mtakatifu wa nyumba, ihamie naye. Tangu alipoolewa, kila Desemba, Dobrila alikuwa ameiandaa slava hiyo, sikukuu ya Alimpije: mkate, ngano iliyochemshwa, mshumaa mrefu, maharage ya kuoka, na nusu ya mji wa Svilajnac ikikanyagana ukumbini. Kuanzia mwaka huu angekwenda nyumbani kwa shemeji yake, apewe kiti cha wajane karibu na mlango, na aulizwe kama ameshiba.

Yote hayo aliyajua, na bado maneno yakamponyoka.

"Nitamchora mwingine," akasema.

Milojko akageuka na taulo lake kifuani. "Mwingine nani?"

"Alimpije mwingine. Mbona nimejifunza."

Ilikuwa kweli. Misimu miwili ya baridi alikuwa akienda kwenye ukumbi wa parokia, ambako mke wa padri, maana mapadri wa Kiorthodoksi huoa, aliwafundisha wanawake kuchora ikoni kwa namna ya zamani. Alikuwa amemaliza mbili. Ya kwanza Radisav aliitazama kwa muda mrefu, akasema Mama wa Mungu amefanana mno na shangazi yake wa Jagodina, yule aliyewanyima urithi. Ya pili aliitazama bila kusema kitu, na hiyo ndiyo sifa aliyoithamini Dobrila.

Milojko hakuwa mtu mbaya. Alicheka, kisha alipoona anacheka peke yake akashuka kwenye kiti.

"Sikia, shemeji," akasema. "Nyumba yenye ikoni ukutani na mshumaa unaowaka mbele yake ni nyumba yenye slava. Hilo hata padri hapingi. Ukimpata Alimpije wako akawa pale juu siku yenyewe, mimi na Verica tutakuja kukaa hapa kama zamani, na sitafungua mdomo. Usipompata, utakuja kwangu, na wewe pia usifungue mdomo."

"Na atamchorea wapi?" akauliza Mama Krunija kutoka jikoni. Huyo alikuwa mama mzazi wa Radisav na Milojko, na masikio yake hayakuwa yamezeeka pamoja na miguu. "Jikoni mwangu hapana."

Jikoni kweli hapakufaa. Ulikuwa msimu wa kuchoma pilipili hoho za kuhifadhi, mafuta yalirushwa mpaka kwenye taa, na mbao ya ikoni iliyopakwa chaki na gundi hunyonya mafuta kama mkate. Ghala la vyakula halikuwa na dirisha. Darini kulikuwa na mwanga lakini baridi yake iligandisha gundi kabla haijaguswa na brashi. Dobrila alijaribu chumba cha kulala. Baada ya siku chache akakuta mbao zimelala kitandani upande wa Radisav, zimepangwa vizuri, kichwa kwa kichwa, naye mwenyewe ndiye aliyezilaza. Akazitoa zote asubuhi ile.

Kikabaki chumba cha wageni. Dirisha lake lilitazama kaskazini, mwanga wake ulikuwa mtulivu, hauhamihami na jua. Hakuna aliyekitumia. Kulikuwa na kabati la ukuta mzima lililojaa glasi za thamani ambazo hazijawahi kunywewa kitu, makochi yenye vitambaa vya kufumwa, televisheni iliyofunikwa shuka tangu Machi, na katikati meza ndefu ya mwaloni.

"Mwaka haujaisha," akasema Mama Krunija.

Hakuhitaji kusema zaidi. Nyumba yenye msiba haipakwi chokaa, haibadilishwi mapazia, haihamishwi hata kigoda mpaka mwaka ukamilike. Dobrila akamwambia kwamba Desemba haitasubiri mwaka ukamilike. Mama Krunija akasema wafu nao hawapaswi kuharakishwa. Wakabishana hivyo kwa wiki nzima, mezani, uani, mara moja hata kwenye foleni ya mkate, mpaka muuza mkate akawaomba watu wazima wawili waamue mambo yao nje. Mwishowe wakagawana. Upande wa dirisha, mpaka pale zulia jekundu linapoanzia, Dobrila aweke vitu vyake. Kutoka kwenye zulia kwenda mlangoni kila kitu kibaki kilivyokuwa siku Radisav alipotolewa. Na meza ilikuwa juu ya zulia.

Ndiyo maana studio ya Dobrila ilianzia kwenye ubao wa kupigia pasi. Ulitikisika kila alipovuta mstari. Akauegemeza ukutani upande mmoja, upande wa pili akaushika kwa paja.

Jagoda alipiga simu kutoka Graz akiwa amefurahi kupita kiasi. Akamtumia mama yake picha za studio za watu wa huko: kuta nyeupe, mimea, paka amelala, brashi zimepangwa kwa ukubwa. Akamshauri agawe chumba kwa kanda. Kanda ya maji, kanda ya vumbi, kanda safi kwa ajili ya dhahabu. Dobrila alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na bibi yako nimweke kanda gani?" akauliza.

Jagoda akacheka, akasema bibi atazoea. Dobrila akakata simu, akamkuta Mama Krunija amefunga dirisha tena.

Hilo la dirisha lilikuwa vita peke yake. Chaki na gundi hupakwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lazima likauke, basi Dobrila alifungua dirisha na mlango ili hewa ipite. Mama Krunija aliogopa hewa inayopita kuliko alivyowahi kuogopa wanajeshi. Kwake yeye upepo unaoingia dirishani na kutokea mlangoni ndio ulioleta maumivu ya meno, ya mgongo, na talaka ya jirani. Radisav pia, alisema, uliondoka naye huohuo, pale karakana aliyofanyia kazi ilipokuwa wazi pande mbili. Daktari alikuwa ameandika moyo. Dobrila alijifunza kutobishana juu ya hilo. Alifungua, mama mkwe akafunga, akafungua, akafunga, na mbao zikakauka zikiwa na malengelenge.

Milojko naye, hana hili wala lile, akaja Jumapili moja na mbao begani kumfungia rafu. Mkewe Verica alimwambia anajenga mtego wa kujinasa mwenyewe, lakini Milojko hakuweza kuvumilia kusikia kwamba nyumbani kwa kaka yake kuna ukuta unahitaji misumari na yeye amekaa. Akatoboa, akagonga, akanywa glasi mbili za rakija, pombe kali ya matunda, akaondoka ameridhika. Rafu ilikuwa imeelekea kushoto. Brashi zilipowekwa zilibingirika taratibu, moja baada ya nyingine, zikaanguka nyuma ya kochi. Dobrila akapigilia kipande cha ufito mwisho wa rafu. Kumwambia aje kuirekebisha kungemaanisha Jumapili nyingine.

Mbaya kuliko wote alikuwa yule aliyesaidia bila kuitwa. Mama Krunija hakuwa na kinyongo. Mikono yake ndiyo haikujua kukaa. Brashi za manyoya ya kindi, laini kama kope, alizichemsha na sabuni ya kufulia kwa sababu zilionekana chafu. Zikatoka kama ndevu za mbuzi. Chupa ya tapentaini aliikuta kwenye rafu, na katika nyumba ile kila chupa yenye maji meupe ilikuwa rakija, akajisugulia magoti. Harufu ilipanda mpaka uani. Dobrila alipomkimbilia na kitambaa, mama mkwe alimsukuma mkono, akasema ya mwaka huu imetoka kali kuliko ya mwaka jana, na kwamba magoti hayajapata raha hivyo tangu mazishi.

Halafu zikaja zile mbao. Dobrila alikuwa ametengeneza tatu, moja ya Alimpije na mbili za akiba. Alizisugua kwa msasa mpaka zikawa nyororo kama ganda la yai, na Jumatano akaenda sokoni moyo umetulia kwa mara ya kwanza. Aliporudi alikuta zote tatu zimetandazwa karatasi za unga uliosukumwa wa kuokea pai, nyembamba, zenye unyevu, zimeachwa zikauke.

"Nyumba nzima haina vibao vilaini hivi," akasema Mama Krunija kwa furaha. "Ungenionyesha mapema."

Dobrila alikaa kwenye kigoda cha kuni. Alitaka kupiga kelele, lakini alichoona akilini ni Radisav akisimama pale mlangoni, mabega yakimtikisika, akicheka bila sauti kama alivyokuwa akicheka mama yake na mkewe walipogombana. Akainuka, akazibandua karatasi za unga moja moja. Chaki ilikuwa imelainika na kubeba alama za vidole. Akaanza upya na moja, maana kwa tatu hakuwa tena na chaki wala subira.

Usiku wa mapema wa Novemba ulikuwa tayari unaiba mwanga kabla hajamaliza kikombe cha chai. Alinakili mchoro wa mtakatifu kutoka kwenye picha ya ile ikoni ya zamani. Alimpije aliishi juu ya nguzo. Alipanda huko kijana akakaa mpaka uzee, kwenye nafasi isiyotosha hata kulala, na ndivyo anavyochorwa: nguzo, ukuta mdogo wa kuizunguka, na mzee mwenye ndevu anayejitokeza juu yake kuanzia kiunoni. Kadiri Dobrila alivyomchora ndivyo alivyozidi kumwonea wivu. Juu ya nguzo hapakuwa na mama mkwe.

Siku ya dhahabu alihitaji vitu viwili: utulivu wa hewa na mahali pasipotikisika. Karatasi ya dhahabu ni nyembamba kiasi kwamba pumzi yako mwenyewe huiokota. Ubao wa pasi haukufaa hata kidogo. Asubuhi ile Mama Krunija alikwenda kwa jirani yao Stamena, na Dobrila akaishika ile meza ya mwaloni kwa ncha moja, akaivuta. Ikatoka kwenye zulia, ikaja mpaka dirishani. Miguu yake iliacha mashimo manne kwenye zulia jekundu. Hakuyatazama.

Alifunga dirisha, akafunga mlango, akazima jiko ili moshi usiyumbishe hewa. Akaweka mbao mezani, akapaka gundi, akashika dhahabu ya kwanza kwa ncha ya brashi pana. Ikashika, laini, bila mkunjo. Ya pili. Ya tatu. Akasahau mabega yake. Ya nne ilikuwa hewani, ikitetemeka kidogo, na nyingine mbili zikiwa tayari juu ya kipande cha ngozi, mlango ulipofunguliwa kwa goti.

Mama Krunija alikuwa amerudi kutoka kwa jirani, amemletea kahawa.

Mwanamke aliyeogopa upepo maisha yake yote aliingia akiwa ameuacha wazi mlango wa ukumbini na wa barabarani. Karatasi tatu ziliruka pamoja. Moja iliingia nyuma ya kabati. Moja ikajikunja kuwa kitu kama mbegu. Ya tatu ilielea taratibu chumba kizima na kutua juu ya sweta jeusi la msiba la mama mkwe, upande wa kushoto, ikanata.

"Toka, Mama," akasema Dobrila. "Toka na kahawa yako."

Hakuwahi kumwambia hivyo maisha yake yote. Mama Krunija hakutoka. Alijitazama kifuani, akajaribu kuipangusa, ikazidi kutanda.

"Mwaka haujaisha na umenivika dhahabu," akasema.

"Sikukuvika. Umekuja kuifuata."

Ndipo Mama Krunija alipoona mashimo manne kwenye zulia. Akaweka kahawa chini, sakafuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Irudishe."

"Meza ni meza, Mama. Nina siku chache."

"Juu ya meza hiyo nilimfunga mwanangu taya kwa leso yangu."

"Na mimi nilimvalisha soksi," akasema Dobrila. "Ya mguu wa kulia haikutaka kuingia, nikaomba radhi kana kwamba namuumiza. Unadhani sijui ni meza gani?"

Gundi ilikuwa inakauka na Dobrila aliiona inakauka. Mama Krunija aligeuka akaenda zake, na Dobrila alidhani amekwenda kumpigia simu Milojko. Badala yake akarudi na kile kitambaa cha plastiki cha jikoni, chenye picha za ndimu zilizofifia, kimekunjwa mkononi.

"Inua vitu vyako," akasema.

Wakaitandika meza pamoja, kila mmoja upande wake, wakivuta pembe. Mama Krunija alilainisha mikunjo kwa kiganja kama anavyolainisha shuka.

"Ungesema tangu mwanzo kwamba unataka ifunikwe," akasema Dobrila.

"Ungeuliza."

Dhahabu ilimalizwa kesho yake, mlango ukiwa umefungwa na mama mkwe ameketi nje yake kwenye kiti, akiwafukuza watu ambao hawakuwepo.

Mtu angefikiri mambo yangenyooka hapo. Ukaingia mfungo wa kabla ya Krismasi, usioruhusu nyama, mayai wala maziwa.

Kila mwaka, siku ya kwanza ya mfungo, Mama Krunija alikusanya mayai, jibini na maziwa yote yaliyomo ndani akayapeleka kwa Stamena, ambaye kwa sababu ya ugonjwa wa kisukari hafungi. Lakini rangi za ikoni huchanganywa na kiini cha yai. Bila kiini, unga wa rangi ni vumbi tu. Mama Krunija aliposikia hivyo alijishika kichwa. Mtakatifu apakwe mayai, tena wakati wa mfungo, tena usoni? Dobrila akamchukua mpaka kwa Padri Sreten, naye padri akasema, akijizuia kucheka, kwamba rangi hailiwi. Mama Krunija akakubali kwa mdomo.

Nguo za mtakatifu zilikwenda vizuri. Nguzo ilikwenda vizuri. Uso huachwa mwisho, na hauanzwi kwa mwanga. Huanzwa kwa rangi nzito, ya udongo na majani, giza tupu, halafu nuru hupandishwa juu yake tabaka kwa tabaka, kila moja nyembamba kuliko iliyotangulia. Ni kazi ya siku nzima za utulivu. Dobrila alizitenga siku mbili za mwisho kabla ya slava, akanunua mayai mapya, akayaweka ndani ya bakuli kwenye rafu ili yasibingirike.

Asubuhi ya siku ya kwanza bakuli halikuwepo.

Mama Krunija alikuwa anaanza kukanda mkate wa slava, mkate wa mfungo, na mikono yake ilikataa kuugusa kukiwa na mayai chini ya paa lilelile. Hakuyatupa. Alikuwa ameyatoa tu nje, juu ya kizingiti cha dirisha, jioni iliyopita, na usiku ule baridi ilishuka mpaka bomba la uani likaganda. Mayai yalikuwa yamepasuka yote. Dobrila alilipasha moja taratibu kwenye maji ya uvuguvugu. Kiini kilitoka kigumu, chenye kunata, kama mpira wa mtoto. Alikiponda, akakikoroga, kikakataa kuchanganyika na maji.

"Si yameyeyuka?" akauliza Mama Krunija, unga mpaka viwiko.

Dobrila alichukua koti, akateleza kwenye barafu mpaka dukani na kurudi. Saa tisa mwanga ulikuwa tayari unakufa. Aliweka rangi ya giza, uso na mikono, akaenda kulala bila kula. Siku ya pili nyumba ilinuka samaki na vitunguu, jiko lilikuwa jekundu, mvuke ulitambaa mpaka chumba cha wageni. Alijaribu nuru ya kwanza kwenye shavu. Mkono ulikuwa na hasira bado, na shavu likatoka kama limerushiwa unga. Akaifuta kwa pamba mpaka giza likabaki lenyewe, safi. Kisha akaosha brashi. Alimpije alikuwa na dhahabu, nguzo, ndevu zilizochorwa kingo tu, na katikati doa la rangi ya kahawia ya kijani, bila macho.

Asubuhi ya slava alivaa nguo zake nyeusi nzuri. Makubaliano ni makubaliano. Angekwenda kwa Milojko na asingefungua mdomo. Aliingia chumba cha wageni kuchukua skafu, akakuta Mama Krunija anashuka kwenye kiti. Alikuwa ameitundika. Alimpije asiye na uso alining'inia kwenye msumari wake, juu ya ile alama nyeupe, na kwenye pembe ya dhahabu kulikuwa na alama ya dole gumba.

"Mama, haijapakwa vanishi," akasema Dobrila. "Dhahabu hiyo inafutika kwa kidole."

"Basi waambie wasiiguse," akasema mama mkwe, akawasha mshumaa.

"Nani?"

Lango likalia nje. Slava hakuna anayealikwa. Watu huja walikozoea kuja. Milojko alikuwa amewaambia wachache na kudhani wengine watasikia, na wengine hawakusikia, au walisikia lakini miguu yao ilikuwa na mazoea yake. Mjomba Tihomir alikuja kwanza na masharubu yake yenye theluji, kisha ndugu wa kijiji cha Glozhane, kisha Stamena na keki aliyowaokea wajukuu kwa mayai ya nyumba hii hii. Walisema maneno ya pole kwa sauti ya chini, wakapiga ishara ya msalaba, na wote, mmoja baada ya mwingine, wakaenda moja kwa moja ukutani kuibusu ikoni kama walivyofanya kila mwaka.

"Usibusu, Mjomba," akasema Dobrila, akaingia katikati. "Inatoka."

"Inatoka wapi?"

"Mdomoni. Utaondoka nayo. Inama tu, inatosha."

Alisimama pale ukutani, mkono mmoja umenyooshwa. Nyuma yake watu walikuwa wanajipatia nafasi. Makoti yalirundikwa juu ya ubao wa pasi. Mitungi ya rangi ilisogezwa ili sahani zipate pa kukaa. Mtu alining'iniza kofia kwenye brashi pana ya dhahabu. Mama Krunija aliondoa kitambaa cha ndimu, akatandika kile cheupe, akaweka mkate na ngano na divai juu ya meza, palepale ilipokuwa, dirishani.

Milojko alifika amekunja uso, nyumba yake imejaa chakula na haina watu. Alivitazama viatu ukumbini. Akaitazama ikoni kwa muda mrefu.

"Hana uso," akasema.

"Hana," akasema Dobrila. "Sikumaliza. Nilikuwa navaa koti nije kwako."

"Mayai niliyaweka nje mimi," akasema Mama Krunija. Alikuwa na sufuria mikononi na hakuishusha. "Mwenye kudai uso anidai mimi. Nenda ukamwambie Verica alete maharage na viti, watu wamesimama."

Milojko akafungua mdomo, akaufunga. Alikwenda, akarudi na Verica na viti na sufuria mbili. Mshumaa ulikuwa umefika robo. Mkate ukazungushwa, ukakatwa, ukamwagiwa divai. Kisha Milojko akachukua glasi na kwenda kusimama mwisho wa meza. Siku ya slava mwenyeji hakai. Husimama tangu mgeni wa kwanza mpaka wa mwisho, anamimina, anahudumia, na kila anayeingia hujua kwa hilo nyumba ni ya nani. Hakufanya kwa ubaya. Radisav alikuwa akisimama hapo na hapo palikuwa patupu.

"Kaa, Milojko," akasema mama yake. "Mwenyeji wa nyumba hii amesimama tayari."

Watu wakageuka. Dobrila alikuwa bado yuko ukutani, mgongo kwa Alimpije, kiganja kikiwa kifuani kwa Mjomba Tihomir ambaye alitaka kujaribu mara ya pili kwa madai kwamba masharubu yamekauka. Hakuwa amesimama kwa heshima yoyote. Miguu ilimuuma na alikuwa na njaa, na kwa jicho la pembeni aliona mtu anadondosha mifupa ya samaki ndani ya mtungi wake wa rangi ya bluu.

"Atakayegusa tena mitungi yangu," akasema, "atakula uani."

Wakacheka kidogo, kadiri inavyofaa kwenye nyumba ya msiba. Mtu mmoja akatoa mifupa. Milojko, glasi yake mkononi, akamtazama shemeji yake, akamtazama mtakatifu, kisha akavuta kiti kati ya Stamena na kabati, akakaa, na kumsogezea Dobrila chupa ya divai ili amimine.